Skrini ya gari la umeme inapogoma: kutoka dalili hadi chanzo

Magari ya umeme yaliyotumika yanayoshushwa katika bandari ya Dar es Salaam huja na skrini iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine. Nissan Leaf iliyouzwa Japani huzungumza Kijapani, ramani yake inaishia Okinawa, na redio yake haizifikii stesheni nyingi za mjini. Ndiyo maana wamiliki wengi huing'oa skrini ya kiwandani na kufunga redio ya Android yenye kioo kikubwa cha kugusa na kivinjari cha intaneti. Tesla Model S ya zamani huja na skrini ya inchi 17 pamoja na kompyuta iliyokwisha kuchoka, na mwenye uwezo huibadilisha kwa kompyuta ya kizazi kinachofuata. Mabadiliko yote mawili ni mazuri yakifanywa vyema, lakini malalamiko yanayofuata hufanana kiasi kwamba yanaweza kupangwa kwa dalili.

Mara nyingi kinacholaumiwa ni skrini, na mara nyingi skrini haina kosa. Nimeshuhudia skrini nzima ikinunuliwa upya kwa tatizo ambalo lingeisha kwa kusafisha vichwa vya betri, na inaniuma kuona mtu akilipa mara mbili kwa sababu hakuna aliyeshika mita kabla ya kushika bisibisi. Kwa hiyo kila sehemu hapa chini inaanza na chanzo kinachotokea zaidi na ukaguzi usiohitaji kifaa, kisha inakwenda ndani.

Tahadhari moja inatangulia yote. Betri kubwa ya Leaf au ya Model S ikiwa imejaa hufikia takriban volti 400, na nyaya zake zimevikwa ganda la rangi ya chungwa. Skrini, redio na kompyuta yake hutumia mfumo mdogo wa volti 12, hivyo hakuna kazi yoyote ya skrini inayokuhitaji kugusa waya wa rangi hiyo. Ukiona fundi anafungua kifuniko chenye alama ya radi au anakata waya wa rangi ya chungwa ili apate njia ya kupitisha waya wa kamera, msimamishe hapo hapo.

Skrini haiwaki, au inazimika na kuwaka yenyewe

Chanzo cha kwanza ni betri ndogo ya volti 12. Watu wengi hushangaa kusikia kwamba gari lenye betri kubwa iliyojaa linaweza kushindwa kuwaka kwa sababu ya betri ndogo, lakini ndivyo lilivyoundwa: betri ndogo ndiyo inayoziamsha kompyuta na kuwasha swichi kubwa zinazoruhusu umeme wa betri kuu kupita. Ikidhoofika, skrini huwa ya kwanza kuonyesha udhaifu huo, kwa kujizima, kujiwasha upya au kubaki kwenye nembo ya kampuni.

Anza kwa macho. Angalia kama vichwa vya betri vina ukungu mweupe au wa kijani, na kama vimekaza. Kwa magari yanayolala Kigamboni, Kunduchi au Msasani, karibu na upepo wa chumvi, kutu ya viungio ni jambo la kutarajia. Kisha pima kwa mita gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa. Kwa betri ya risasi na asidi, volti 12.6 maana yake imejaa, 12.2 imebaki karibu nusu, na chini ya 12.0 imekwisha, na huenda imeharibika. Halafu liwashe gari hadi liwe tayari kuondoka, upime tena: unapaswa kuona kati ya volti 13 na 14.5. Ukiona bado ni 12 na kitu, kifaa kinachoshusha umeme wa betri kuu kwenda betri ndogo hakifanyi kazi yake. Acha hapo na umwite fundi aliyesomea magari ya umeme, kwa maana kifaa hicho kimeungwa na upande wa volti nyingi. Tesla zilizoanza kufungwa betri ndogo ya lithiamu mwaka 2021 zina vipimo tofauti, kwa hiyo usizihukumu kwa namba hizi.

Betri ikiwa nzima, jaribu kuiwasha upya kompyuta. Katika Model S ya zamani, na vilevile Model 3 na Model Y, egesha gari, bonyeza kwa pamoja magurudumu mawili madogo yaliyo kwenye usukani, uyashikilie hadi skrini iwe nyeusi na nembo irudi. Redio nyingi za Android zina tundu dogo la kuwashia upya pembeni mwa kioo, ambalo hubonyezwa kwa pini. Hatua hii haifuti chochote. Usiichanganye na kurudisha mipangilio ya kiwandani, ambayo hufuta kila kitu na hupaswi kuifikia kabla ya kumaliza hatua nyingine zote.

Chanzo cha pili, kwa redio zilizofungwa baadaye, ni fyuzi na waya wa ardhi. Fundi aliyeharakishwa huunga waya mweusi kwenye skrubu yoyote ya chuma aliyoiona nyuma ya dashibodi, na skrubu ile ikilegea kwa mitikisiko ya barabara, skrini huanza kuzimika kila gari linapopita kwenye tuta. Dalili ya kuzimika kwenye matuta ni ya thamani sana. Mwambie fundi, naye atajua pa kuanzia.

Chanzo cha tatu ni cha Model S na Model X za kabla ya Machi 2018, nacho ni kizito. Kompyuta yao ya kwanza, yenye kichakataji cha NVIDIA Tegra 3, huhifadhi kumbukumbu kwenye chipu ya gigabaiti 8. Chipu ya aina hiyo huchakaa kila inapoandikwa, na gari lilikuwa likiandika kumbukumbu za utendaji bila kupumzika, hivyo baada ya miaka mitano au sita seli zake huanza kufa. Mwanzoni mwa 2021 Tesla iliyaita magari takriban 135,000 nchini Marekani yarudishwe kurekebishwa tatizo hilo, baada ya mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo kueleza kwamba skrini ikifa dereva hupoteza kamera ya nyuma, udhibiti wa hewa ya kuondoa ukungu kwenye kioo na milio ya tahadhari. Tiba ilikuwa kuweka chipu ya gigabaiti 64. Ukinunua gari la miaka hiyo, omba ushahidi kwamba kazi hiyo ilifanyika, na uichunguze namba ya chesisi kabla ya kulipa.

Dalili zake huja polepole: kwanza kivinjari hakifunguki, kisha ramani hubaki kijivu, kisha skrini hujiwasha upya mara kadhaa kwa siku, na mwisho haiwaki kabisa. Usisubiri hatua ya mwisho. Ndani ya chipu hiyo mna utambulisho wa gari lenyewe, na fundi wa elektroniki anaweza kuuhamishia kwenye chipu mpya ikiwa tu ya zamani bado inasomeka. Kazi hii huhitaji kung'oa chipu kwa hewa ya moto na kuichomelea upya, nayo haifai kujaribiwa na mtu ambaye hajawahi kuifanyia mazoezi kwenye bodi nyingine.

Kuna pia joto. Gari lililoachwa juani Posta tangu asubuhi huwa na dashibodi ya moto kuliko hewa ya nje kwa mbali sana, na kompyuta hupunguza mwanga au hujizima ili kujilinda. Washa kipoza hewa, subiri dakika 10, kisha uangalie. Ikirejea hali nzuri, tatizo ni maegesho. Tesla za 2021 na 2022 zenye kichakataji cha AMD zilikuwa na kasoro ya kupata joto kupita kiasi wakati wa kuchaji haraka, na iliondolewa kwa sasisho la programu lililotolewa Mei 2022. Gari lililoingia nchini bila kuunganishwa na intaneti kwa muda mrefu huenda bado halijalipata.

Redio inasahau saa na mipangilio kila unapozima gari

Hapa karibu kila mara nyaya mbili zimebadilishana. Waya wa njano ndio wa umeme wa kudumu unaotunza kumbukumbu, na mwekundu huwaka tu pale gari linapowashwa. Vikigeuzwa, redio hufa kabisa kila unaposhuka. Kosa la upande wa pili ni la hatari zaidi kwa gari: fundi huziunga zote mbili kwenye umeme wa kudumu ili kumaliza malalamiko, redio haizimiki tena, na baada ya siku tatu za safari ya Zanzibar unarudi kulikuta gari limekufa. Mwombe fundi apime umeme unaovuja gari likiwa limelala. Kinachozidi miliampea 50 kinahitaji maelezo.

Kivinjari kinasema muunganisho si salama

Malalamiko haya ndiyo yanayoeleweka vibaya kuliko yote, kwa sababu mtandao upo, baadhi ya kurasa zinafunguka, lakini tovuti ya benki au ya barua pepe inakataa kwa onyo jekundu. Wengi huamini gari limeingiliwa na virusi. Kwa kawaida kosa ni kalenda.

Tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Ikiwa gari linaamini tuko mwaka 2005, kila cheti cha leo litakiona kama kitu ambacho hakijazaliwa. Gari hupotezaje miaka? Betri ndogo ikikatwa, baadhi ya redio hurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Njia nyingine ni ya ajabu zaidi: mfumo wa satelaiti za GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza sifuri, na mzunguko huo uligeuka usiku wa tarehe 6 Aprili 2019. Vipokezi vya zamani ambavyo havikusasishwa viliruka nyuma karibu miaka 20, na redio inayochukua saa yake kutoka GPS itaendelea kurudi huko hata ukiirekebisha kwa mkono. Basi angalia tarehe na mwaka kwanza. Weka ukanda wa saa wa Afrika Mashariki, kwani redio nyingi za Kichina huja na saa za Beijing, zilizotutangulia kwa saa tano. Kisha zima uchukuaji wa saa kutoka GPS na uchague kuichukua kutoka kwenye mtandao.

Tarehe ikiwa sahihi na onyo likabaki, kivinjari chenyewe kimezeeka. Mwaka 2020 vivinjari vikubwa viliacha njia za zamani za kufunga mawasiliano kwa siri, na tovuti nyingi zikafuata, kwa hiyo kivinjari kisichojua njia mpya hakina cha kuzungumza nazo. Aidha, Android za kabla ya 7.1.1 hazimtambui mtoa vyeti anayetumiwa na tovuti nyingi sana, Let's Encrypt, na mpango wa muda uliozisaidia ulikwisha mwishoni mwa Septemba 2024. Kwenye redio ya namna hiyo, sakinisha toleo la Firefox linalokubali Android uliyo nayo, kwa kuwa Firefox hubeba orodha yake yenyewe ya watoa vyeti badala ya kutegemea ile ya mfumo. Kwenye Model S yenye kompyuta ya kwanza hakuna njia ya kuweka kivinjari kingine. Kompyuta za Intel, zilizoanza kufungwa Machi 2018, ndizo zilizopewa kivinjari kipya cha msingi wa Chromium mwaka 2019.

Usizoee kubonyeza kitufe cha kuendelea licha ya onyo, hasa pale unapotaka kuandika namba ya siri. Onyo lile linaweza kuwa la kalenda mara tisa na la mwizi mara ya kumi, na kutoka kwenye kiti cha dereva huwezi kuzitofautisha.

Hakuna intaneti kabisa

Laini iliyojengwa ndani ya gari na mtengenezaji ilisajiliwa kwa nchi lilikouzwa, hivyo usiitegemee hapa. Njia ya uhakika ni kushiriki intaneti ya simu yako. Ikiwa skrini haiioni simu, angalia simu inarusha kwa masafa gani: kompyuta ya kwanza ya Model S na redio nyingi za bei nafuu husikia gigahezi 2.4 pekee, ilhali simu mpya hupenda gigahezi 5. Ndani ya mipangilio ya simu kuna kipengele cha kuongeza upatanifu, ambacho huirudisha kwenye 2.4. Katika Tesla kuna pia chaguo la kubaki umeunganishwa gari linapotembea. Lisipowashwa, intaneti hukatika kila unapoingiza gia, na watu hulaumu mtandao wa simu bure.

Kama redio yako ina tundu la laini, hakikisha kwanza kwamba laini imesajiliwa na ina bando kwa kuijaribu kwenye simu. Ikifanya kazi kwenye simu na kugoma kwenye redio, ingiza upya jina la kituo cha intaneti (APN) cha kampuni ya simu. Ikigoma tena, soma namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, kwenye ukurasa wa maelezo ya kifaa na uitume kwa ujumbe kwenda 15090. Tangu Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozima simu zenye namba bandia, kifaa chenye namba isiyotambulika kinaweza kunyimwa mtandao, na redio za kughushi haziko nje ya utaratibu huo. Hakuna fundi wa kulitatua hili kihalali. Rudisha redio dukani.

Kivinjari ni kizito au kinajifunga

Funga kurasa zilizobaki wazi, futa kumbukumbu ya muda ya kivinjari, kisha washa upya. Ikiwa redio ni ya Android na iliuzwa kwa ahadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 8, usiamini ukurasa wa maelezo, kwa kuwa baadhi ya wauzaji huubadilisha uonyeshe wanachotaka. Sakinisha programu ya ukaguzi wa kifaa, CPU-Z au AIDA64, na uone inasoma nini. Kifaa chenye gigabaiti moja ya kweli hakitawahi kuendesha ramani, muziki na kivinjari kwa pamoja, na hakuna usafi utakaobadilisha hilo. Fanya kipimo hiki ukiwa bado dukani Kariakoo, kabla kioo hakijafungwa na risiti haijapotea.

Kioo kinajigusa chenyewe, au hakisikii kidole

Futa kioo kwa kitambaa kikavu gari likiwa limezimwa. Jasho, mafuta ya kujipaka na unyevunyevu wa Machi hadi Mei hutosha kukichanganya kioo, kwa sababu husikia umeme mdogo wa ngozi. Kisha bandua karatasi ya kulinda kioo, hasa iliyoingia hewa pembeni. Baada ya hapo chomoa chaja ya simu ya bei rahisi iliyopo kwenye tundu la umeme. Chaja mbovu huingiza kelele kwenye mfumo, na si mara moja nimeona vidole vya mzimu vikitoweka ilipochomolewa. Ikiendelea, utepe mwembamba unaounga kioo na bodi umelegea, au tabaka za kioo zimeanza kuachana. Skrini za Model S za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kuvuja gundi kwenye kingo katika nchi za joto, na za baadaye kwa mstari wa njano pembeni. Gundi huenda ikahitaji kioo kipya; mstari wa njano ni wa sura tu na haudhuru utendaji.

Kilichokuwepo kimepotea baada ya kuboreshwa

Redio ya FM ya Japani ilianzia megahezi 76 hadi 90, baadaye 95, na za kwetu ni 87.5 hadi 108. Redio mpya ya Android iliyobaki kwenye mpangilio wa Japani haitapata stesheni za juu hadi uchague eneo lingine kwenye mipangilio ya redio, kazi ya dakika moja isiyohitaji kifaa cha kuongeza masafa. Kwa Model S, kubadilisha kompyuta ya kwanza kwa ya pili kuliondoa redio ya FM na AM, na kipokezi chake kiliuzwa kando. Ulizia hilo kabla ya kulipa.

Kwenye Leaf za mwanzo, saa za kuchaji na za kuwasha kipoza hewa hupangwa kupitia skrini ya kiwandani, kwa hiyo ukiing'oa unaweza kupoteza njia ya kuzipanga. Muulize fundi kama kisanduku anachofunga kati ya redio na mtandao wa kompyuta za gari kinakitambua kipengele hicho katika toleo lako, na uitunze skrini ya zamani hata kama inazungumza Kijapani.

Kamera ya nyuma ikitoa picha nyeusi, mara nyingi waya wa ishara ya kurudi nyuma haukuungwa, au aina ya picha iliyochaguliwa kwenye mipangilio si ya kamera hiyo. Usiendeshe kwa wiki kadhaa ukisema utarekebisha baadaye: gari la umeme lina mngurumo mdogo sana, na mtoto aliye nyuma yake huenda asilisikie.

Kwa sababu hiyo hiyo, kuna kazi moja ambayo naomba usiikubali. Redio nyingi zina waya mwembamba unaopaswa kuungwa na breki ya mkono ili video na kivinjari vifunguke gari likiwa limesimama tu, na mafundi wengi huuunga kwenye ardhi moja kwa moja ili filamu zionekane wakati wote. Foleni ya Ubungo inachosha, naelewa, lakini katika foleni hiyo bodaboda hupita pande zote mbili. Ikiwa waya wako umeshaunganishwa hivyo, kuurudisha mahali pake ni kazi ndogo kwa fundi yeyote.

Gari limepita kwenye maji

Kama maji yalifika sakafuni, katika bonde la Jangwani au kwingineko, usiwashe gari ili kuona kama skrini bado inafanya kazi, na usilichaji. Liache likiwa limezimwa, kaa mbali nalo ukisikia mlio wa kuchemka au kunusa harufu ya kemikali, na umwite fundi wa magari ya umeme mwenye glovu na mita za volti nyingi. Skrini itakaguliwa baada ya yeye kuipima betri kubwa na kuridhika kwamba haivujishi umeme kwenye bodi ya gari.